Mcheza Kwao: Historia ya Mchezo wa Kufuatisha

Katika michezo ya akili, ni michache iliyo myepesi kuelezwa kama mchezo wa kufuatisha. Mtu mmoja hugusa vitu kadha vilivyo mbele yake, kimoja baada ya kimoja, kwa utaratibu aupendao. Mwenziwe hutazama kimya, kisha hutakiwa kuvigusa vitu vile vile kwa utaratibu ule ule. Akipatia huongezewa, akikosea mchezo umekwisha. Hauhitaji kusoma wala kuandika, wala hauhitaji wachezaji wawe na lugha moja. Macho huona, moyo huhifadhi, mkono hurudisha. Kwa sababu ya wepesi huo wengi hudhani kuwa ni mchezo wa watoto na hapana neno la kusema juu yake. Lakini kabla haujawa kitu cha kuchezea sebuleni, mchezo huu ulikwisha kuwa bawabu katika mlango wa taifa kubwa, na chombo cha kuchunguza ubongo wa wagonjwa. Watu waliruhusiwa kupita au walirudishwa baharini kwa kadiri mikono yao ilivyofuatisha. Makala haya yaeleza safari hiyo, kwa kuwa mafunzo yake yawahusu wote ambao kazi yao ni kupima akili za wengine, na walimu ni wa kwanza miongoni mwao.

Safari yaanzia katika bandari ya New York. Kituo cha wahamiaji cha Ellis Island kilifunguliwa tarehe 1 Januari, 1892, na kabla ya kufungwa kwake katika mwaka 1954 watu wapatao milioni 12 walipita hapo. Wengi wao walikuwa maskini kutoka kusini na mashariki ya Ulaya. Mwaka 1907 peke yake walipita zaidi ya milioni moja. Sheria ya Marekani ya mwaka 1882 ilikwisha kukataza kuingia kwa wenye wazimu na mapunguani. Sheria ya mwaka 1907 iliongeza daraja nyingine: watu ambao upungufu wa akili zao ni mdogo kiasi cha kutoonekana upesi. Nyongeza hiyo ilikuwa fupi katika maandishi lakini ndefu katika kazi. Mwenye wazimu aweza kujulikana kwa maneno au vitendo vyake. Je, mtu ambaye ni mzito kidogo wa akili atajulikanaje na daktari asiyejua lugha yake, hali ndiyo kwanza ashuke melini, amechoka kwa safari, amekosa usingizi na amejaa hofu?

Madaktari walisimama penye njia wakatazama msafara ukipita, kila mtu kwa sekunde chache tu. Aliyetiliwa shaka aliandikwa kwa chaki juu ya nguo yake, na herufi X ilikuwa alama ya kutilia shaka akili. Daktari E. H. Mullan, mmoja wa madaktari wa kituo, alieleza katika mwaka 1917 kuwa watu kama 9 katika kila 100 walitiwa alama hiyo. Hao walitengwa na wenzao wakapelekwa chumba cha kupimwa. Wengi waliachiliwa baada ya maswali machache. Lakini kwa aliyeshindwa, na akashindwa tena siku zilizofuata, hukumu ilikuwa kurudishwa alikotoka. Na aliyerudishwa akiwa mtoto, mzazi alilazimika kurudi pamoja naye, hata kama jamaa wengine walikwisha pokewa. Mchezo uliochezwa katika chumba kile ulikuwa na jamaa nzima juu ya meza.

Maswali yenyewe yalikuwa na matata yake. Msichana mmoja kutoka Poland aliulizwa jinsi atakavyosafisha ngazi, kama ataanza juu au chini. Alijibu kwamba hakuja Marekani kusafisha ngazi. Jibu hilo laonyesha akili na heshima ya nafsi, lakini halina mahali pa kuandikwa katika karatasi ya mpimaji anayengoja neno moja kati ya mawili.

Kipimo cha akili kilichojulikana zaidi wakati huo kilitoka Ufaransa. Katika mwaka 1905 Alfred Binet na Théodore Simon walitunga mjini Paris mfululizo wa maswali ya kuwatambua watoto waliohitaji msaada shuleni. Kusudi lao lilikuwa msaada. Henry Goddard, aliyeongoza uchunguzi katika shule ya Vineland, New Jersey, alikitafsiri kipimo hicho kwa Kiingereza mwaka 1908, kisha wasaidizi wake wakakipeleka Ellis Island. Matokeo aliyoyatangaza mwaka 1917 yalisema kuwa miongoni mwa waliopimwa, Wayahudi 83 katika kila 100 walikuwa wapungufu wa akili, Wahungari 80, Waitalia 79, Warusi 87. Vikundi vilivyopimwa vilikuwa vidogo, na havikuchukuliwa kwa bahati nasibu bali viliteuliwa. Maswali yalipita katika kinywa cha mkalimani. Mhamiaji alitakiwa ataje maneno zaidi ya 60 katika muda wa dakika tatu, aseme tarehe ya siku ile, achore kwa kalamu umbo alilokwisha kuonyeshwa na kuondolewa. Mkulima ambaye hajapata kushika kalamu katika maisha yake alipewa kalamu, na alipotetemeka, mtetemeko ukahesabiwa kuwa upungufu wa akili. Miaka kumi na mmoja baadaye, katika mwaka 1928, Goddard mwenyewe alilegeza itikadi yake juu ya watu aliowaita wapungufu, akakubali kuwa hali yao haikuwa bila dawa. Lakini hesabu zilikwisha andikwa.

Ndani ya kituo palikuwa na daktari ambaye hakuridhika na njia hii. Jina lake ni Howard Andrew Knox. Alizaliwa mwaka 1885, akaingia kazini Ellis Island katika mwaka 1912 kama daktari wa Idara ya Afya ya Umma. Kila siku aliona watu wakishindwa maswali ambayo yalipima skuli waliyosoma au kutosoma, na wakionekana wajinga kwa sababu ya ulimi wa mkalimani. Alitafuta kazi ambayo mtu aweza kuifanya bila neno hata moja. Katika vitu alivyotunga yeye na wenziwe kwa kusudi hilo, kimoja kilipata umaarufu kuliko vingine.

Knox alichukua vipande vinne vya mbao, kila kimoja chenye upana wa inchi moja kila upande, akavipanga katika mstari mmoja, kati ya kimoja na kingine pakiwa na inchi nne. Kwa kipande cha tano, kidogo kuliko hivyo, aligonga vile vinne polepole mbele ya macho ya mhamiaji, kisha akampa kipande kile afanye vile vile. Mara ya kwanza mkono ulikwenda moja kwa moja: cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Mara zilizofuata ulirudi nyuma au uliruka, na njia ikawa ngumu kukumbukwa zaidi na zaidi. Mwaka 1914 alikitangaza kipimo hiki, pamoja na vingine, katika jarida la Chama cha Madaktari wa Marekani. Hapo ndipo mchezo wa kufuatisha ulipopata cheo cha mtihani.

Yafaa Knox apewe haki yake, wala asipewe zaidi ya haki yake. Alitambua jambo ambalo wengi waliomzidi elimu hawakulitambua: kwamba mtu aweza kuwa na akili timamu na asiwe na njia ya kuionyesha katika lugha na desturi ya mpimaji. Kwa vipande vinne vya mbao alifungua mlango kwa watu ambao maswali ya maneno yangewafungia. Lakini hakuuliza kama mlango wenyewe ulikuwa wa haki. Aliamini, kama wengi wa zama zake, kuwa taifa lapaswa kuwachuja wapungufu na kuwarudisha. Alichotaka ni chujio lenye matundu yaliyo sawa.

Na chujio lake pia lilikuwa na kasoro yake. Mchezo usio na maneno si mchezo usio na desturi. Aliyezoea skuli hujua kuwa mtu mzima anapogonga vibao mbele yako na kukutazama, ataka umwige. Asiyezoea aweza kudhani kuwa anafanyiwa mzaha, au kuwa kuna hila. Mmoja aketi kitini akiwa amelala vema, mwingine ana mkewe nyuma ya ukuta asiyejua yalipo majaliwa yake. Wahenga wamesema, mcheza kwao hutuzwa. Katika chumba cha Ellis Island mpimaji alicheza kwao, na mpimwa alicheza ugenini. Hesabu ya vipande alivyokumbuka haikuonyesha tofauti hiyo.

Knox aliacha kazi kituoni mwaka 1916 akaendelea na udaktari wa kawaida hadi kufariki kwake mwaka 1949. Vibao vyake vilikwenda mbali kuliko yeye. Rudolf Pintner, mtaalamu aliyejishughulisha na watoto viziwi, alivitumia katika uchunguzi wake, na jeshi la Marekani likavitia katika mitihani ya askari wasiojua kusoma au wasiojua Kiingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wakati huo mlango wa New York ulibadilishwa kufuli. Sheria ya 1917 ilitaka mhamiaji aliyezidi miaka 16 aweze kusoma, na sheria ya 1924 ikaweka idadi maalumu ya watu kwa kila taifa. Hapo hapakuwa tena na haja kubwa ya kuuliza mtu mmoja mmoja anakumbuka nini. Ilitosha kuuliza alizaliwa wapi.

Kituo cha pili cha safari hii ni Montreal, katika Kanada, na hapa mchezo ulifanya kazi njema zaidi. Mwaka 1961 Donald Hebb wa Chuo Kikuu cha McGill alitoa habari ya jaribio moja lenye hila ndogo. Aliwasomea watu orodha za tarakimu wazirudie, lakini kila orodha ya tatu ilikuwa ile ile, nao hawakuambiwa. Polepole walianza kuirudia vema kuliko nyingine. Philip Corsi, mwanafunzi aliyeongozwa na mtaalamu mashuhuri Brenda Milner, aliihamisha hila hiyo kutoka sikioni hadi machoni. Badala ya vibao vinne katika mstari alitumia vibao tisa vilivyotawanyika juu ya ubao bila mpango, na habari zake zimo katika tasnifu yake ya mwaka 1972. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida huweza kufuatisha miguso mitano au sita. Ikizidi hapo huanza kupotea.

Waliopimwa na Corsi walikuwa wagonjwa wa kifafa waliokatwa sehemu ya ubongo iliyo usawa wa sikio ili kupunguza maradhi yao. Wale waliokatwa upande wa kulia, na mkato ukaingia ndani sana, waliweza kufuatisha miguso michache kama watu wengine. Lakini mfuatano uliorudiwa mara kwa mara haukuwakaa; kila mara ulikuwa mpya kwao. Waliokatwa upande wa kushoto walipata taabu ya namna hiyo katika orodha za tarakimu. Kwa hiyo ilidhihirika kuwa kushika jambo kwa kitambo kidogo na kulihifadhi lidumu si kazi moja. Kushika ni kama kuteka maji kwa kiganja. Kuhifadhi ni kuyatia mtungini. Mtu aweza kuwa na kiganja kizima na mtungi uliovunjika. Vibao vya Montreal havikumfukuza mtu. Vilimwonyesha daktari mahali pa jeraha.

Kituo cha tatu ni sebule ya nyumba, na aliyeuleta mchezo huko alikuwa mhamiaji. Ralph Baer alizaliwa Ujerumani mwaka 1922 katika jamaa ya Kiyahudi. Akiwa bado mtoto alifukuzwa shuleni kwa sababu ya Uyahudi wake, na mwaka 1938 yeye na wazazi wake walikimbilia New York. Alikuwa mmoja wa watu wa kabila ambalo Goddard, miaka 21 tu kabla yake, aliliandikia 83 katika 100. Kijana huyo alifanya kazi kiwandani, akajifunza ufundi wa redio, akatumika katika jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha akawa mhandisi. Chombo cha kwanza cha michezo ya televisheni kuuzwa kwa ajili ya nyumbani, kilichoitwa Odyssey mwaka 1972, kilitokana na kazi yake, na mwaka 2006 rais wa Marekani alimvika nishani ya taifa ya ufundi. Mgeni njoo, mwenyeji apone: methali hiyo haikuandikwa juu ya lango la Ellis Island, lakini maisha ya Baer ni ushahidi wake.

Mwaka 1976, katika maonyesho ya wafanya biashara wa mashine za michezo mjini Chicago, Baer aliona mashine ya Atari iliyoitwa Touch Me, ambayo ilitolewa mwaka 1974. Ilikuwa na vitufe vinne vilivyowaka taa, na mchezaji alitakiwa kufuatisha. Baer aliona kuwa wazo lilikuwa zuri na utengenezaji wake mbaya, hasa milio yake. Pamoja na Howard Morrison alitengeneza chombo cha mviringo chenye rangi nne, nyekundu, kijani, buluu na manjano, kila rangi na sauti yake. Sauti alizichagua katika zile za tarumbeta ya askari, ambazo hupatana kwa vyovyote zifuatanavyo. Jina la kwanza lilikuwa na maana ya Nifuate. Mwishowe kiliitwa Simon, kwa kufuata mchezo wa zamani wa watoto wa Kiingereza ambao ndani yake mtoto hutii amri ikiwa tu imetajwa kuwa yatoka kwa Simon. Jina hilo halihusiani na yule Simon wa Paris. Kampuni ya Milton Bradley ilikizindua tarehe 15 Mei, 1978, katika ukumbi wa dansi wa Studio 54 mjini New York.

Tofauti moja katika sheria za mchezo yastahili kuangaliwa. Vibao vya Corsi hutoa mfuatano mpya kila mara. Simon huanza na rangi moja, kisha huirudia na kuongeza ya pili, kisha huzirudia zote mbili na kuongeza ya tatu. Kila hatua ni marudio ya zilizotangulia, basi mchezaji huyatia maji mtungini huku bado anateka. Ndiyo sababu mtu asiyeweza zaidi ya miguso sita katika vibao aweza kufika hatua 14 au 20 katika Simon, na ngazi ya juu kabisa ya chombo kile ilikuwa na hatua 31. Akili ni ile ile. Namna ya kufundishwa ndiyo iliyobadilika.

Uchunguzi mwingine umelithibitisha jambo hili. Mwaka 1980 wataalamu wa Pittsburgh walitoa habari za mwanafunzi mmoja aliyeanza kwa kukumbuka tarakimu 7, na baada ya mazoezi ya saa 230 au zaidi, yaliyochukua zaidi ya mwaka na nusu, akakumbuka 79. Alikuwa mkimbiaji. Tarakimu 3, 4, 9, 2 kwake zilikuwa dakika tatu na sekunde 49.2, muda unaokaribia ule wa mabingwa wa maili moja. Alipobadilishiwa tarakimu akapewa herufi, alirudi kwenye 6. Katika tarakimu alikuwa kwao, katika herufi alikuwa ugenini.

Mwaka uliofuata, 1981, Judith Kearins wa Australia alieleza jinsi alivyowapanga vijana mbele ya vitu visivyozidi 20, wavitazame kwa nusu dakika, kisha wavirudishe mahali pake vikiisha kuvurugwa. Vijana wenyeji wa jangwa waliwapita wenzao weupe. Hawa weupe walisikika wakinong'ona majina ya vitu. Wale wa jangwa walikaa kimya wakitazama. Watoto ambao mitihani ya maneno ilikuwa ikiwaweka nyuma walikuwa mbele, kwa kuwa mara hii jambo lililoulizwa, yaani mahali pa vitu, ndilo ambalo maisha ya jangwani humtaka mtu alijue ili asipotee na kufa kwa kiu.

Hapana shaka kuwa mchezo wa kufuatisha hupima kitu cha kweli. Kama usingepima kitu, Corsi asingaliweza kutofautisha upande wa kulia na wa kushoto wa ubongo. Kosa la wapimaji wa zamani halikuwa kupima, bali kulichukua jibu la swali dogo wakalifanya jibu la swali kubwa. Vibao vilijibu kuwa mtu huyu, leo, katika chumba hiki, amefuatisha miguso minne na si mitano. Wao walisoma humo kuwa mtu huyu, na kabila lake, hawafai kuishi nasi.

Vyumba vya mitihani havikufungwa pamoja na Ellis Island katika mwaka 1954. Vipo katika kila shule, na katika vingi vyao mtoto hupimwa kwa lugha asiyoizungumza nyumbani, kwa vitu asivyopata kuvishika, na mtu asiyempata kumwona. Akishindwa hapo huandikwa, na maandishi hutangulia mbele yake miaka mingi. Kabla ya kalamu kushuka juu ya karatasi, yampasa mpimaji aulize swali ambalo karatasi yake haina: mtoto huyu yuko kwao au yuko ugenini? Na ikiwa yuko ugenini, mpimaji mwenye haki humtafutia kwanza mchezo anaoujua.